Mzee Melkiori Kavishe, Aliyeyarudishia Mabenchi ya Sinagogi Watu Wake

Mheshimiwa Padre, Mama Prudensia mke wa marehemu, watoto na wajukuu, ndugu wa Jumuiya yetu ya Waswahili Wakatoliki wa Dallas na Fort Worth, wageni mliotoka Houston alfajiri ya leo, na wewe Mzee Sheldon uliyekubali kukaa mstari wa familia, mimi ni Isack Aloisi Kavishe, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na familia imenipa kazi hii kwa sababu tangu baba yetu afariki mimi ndiye ninayetunza tarehe za ukoo. Nitasoma kama nilivyoandika, bila kuongeza, na yeyote atakayesikia tarehe isiyolingana na kumbukumbu yake namwomba anivumilie mpaka nimalize, kisha tusahihishane nje.

Marehemu Melkiori Aloisi Kavishe alizaliwa tarehe 6 Januari 1956 katika kijiji cha Mashati, Rombo, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Aloisi Kavishe na Mama Anastasia, na kwa kuwa siku hiyo Kanisa huwakumbuka wafalme watatu waliomwendea Mtoto Yesu, padre aliyembatiza alimpa jina la mmoja wao, jambo ambalo Mama alilitumia vizuri, maana kila marehemu alipokataa kwenda kukata majani ya ng'ombe aliambiwa kwamba mfalme mwenzake alitembea kutoka mashariki yote akiwa na mzigo, yeye anashindwa kutoka kihambani, kwenye shamba letu la migomba, na mzigo mmoja.

Alisoma Shule ya Msingi Mashati kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akachaguliwa kujiunga na Shule ya Sekondari ya Ufundi Moshi, alikosomea useremala na kuhitimu kidato cha nne mwaka 1974, na walimu wake waliandika kwamba ni kijana mwenye mkono mtulivu na mdomo usiotulia, maneno ambayo sisi tuliokua naye hatukuona sababu ya kuyapinga.

Mwezi Februari 1975 aliajiriwa katika karakana ya useremala ya misheni, akakaa huko miaka ishirini na miwili, na kazi yake kubwa ilikuwa mabenchi ya kanisani, marefu, ya mbao za mkangazi na mninga, kila moja na ubao wake wa kupigia magoti uliofungwa kwa bawaba ili ushushwe na kuinuliwa bila kelele. Waliosali Rombo miaka ile wamekalia kazi ya mikono yake, na wengi wamewahi kulala juu yake wakati wa mahubiri, na yeye hakuchukia, alisema benchi linalomletea mtu usingizi limetengenezwa sawasawa.

Tarehe 27 Desemba 1980, wakati ndugu wote wamerudi nyumbani kwa Krismasi, alifunga ndoa takatifu na Prudensia Silayo, muuguzi, katika Parokia ya Mashati, na Mungu akawajalia watoto wawili, Pelagia aliyezaliwa tarehe 8 Oktoba 1982, ambaye sasa ni muuguzi na anaishi Sharpstown, Houston, pamoja na mumewe Elvis, na Humphrey aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1986, ambaye anaishi hapa Carrollton. Wajukuu ni wanne, na mkubwa wao ni Inès.

Mwaka 1997 Mama Prudensia alipata viza kwa bahati nasibu, na marehemu, aliyekuwa na umri wa miaka arobaini na moja na karakana yenye vijana sita chini yake, alikubali kumfuata mkewe na kuanza upya, akatua Dallas tarehe 11 Oktoba akiwa na patasi zake ndani ya begi la nguo, akaishi kwanza Lewisville katika nyumba ya kupanga, akafanya kazi ya kupakia mizigo ghalani, kisha kiwanda cha milango, mpaka tarehe 1 Machi 2004 alipoajiriwa katika karakana ya jumba moja la makumbusho mjini Dallas. Huko alitengeneza makabati ya vioo, kuta za muda, na masanduku ya kusafirishia vitu vya thamani, na aliipenda kazi ile, lakini mara nyingi, tukinywa chai nyumbani kwake, aliniambia kwamba Mungu ana utani, amemtoa kwenye kutengeneza vitu vya kukaliwa na watu akampa kazi ya kutengeneza vitu vya kuwazuia watu wasiguse.

Katika Jumuiya hii marehemu alikuwa miongoni mwa walioanzisha misa yetu ya Kiswahili ya kila mwezi, yeye na Didace, ndugu yetu wa Burundi anayeongoza kwaya, na alikuwa pia mwanzilishi wa chama chetu cha kuzikana, ambacho leo kinamhudumia yeye mwenyewe.

Sasa nafika kwenye kazi yake ya mwisho, nanyi mtaniwia radhi nikikaa hapo kidogo, kwa sababu ndiyo aliyotuagiza tuieleze vizuri.

Mwezi Januari 2024 jumba la makumbusho lilianza kuandaa maonyesho kuhusu masinagogi ya Texas na maisha ya jumuiya za Wayahudi waliokuja jimbo hili kutoka Ulaya, wakafungua maduka katika miji midogo ya reli na ya pamba, wakajenga nyumba za sala, wakasomesha watoto wao Torati jioni baada ya shule, na baadaye, vijana walipohamia Dallas na Houston, wakabaki wachache mpaka milango ikafungwa. Chumba cha kati cha maonyesho hayo kilipangwa kuwa sinagogi lenyewe la mji mmoja wa mashariki mwa Texas, lenye kabati la kuhifadhia Torati, taa yake, na mabenchi yake kumi, na mwenye dhamana ya vitu hivyo alikuwa Mzee Sheldon, muumini wa mwisho wa sinagogi lile, ambaye alivileta kwa mkopo kutoka ghala alilokuwa akilipia mwenyewe.

Mabenchi yalifika yamelegea viungo, na mawili yalikuwa yameoza kwa mvua ya paa bovu, ndipo mkurugenzi wa makumbusho, ambaye yuko nasi leo na ambaye hakufanya kosa lolote kwa kuwa na tahadhari, akasema mabenchi yasimamishwe mahali pake na mbele yake ipitishwe kamba, watu watazame kwa mbali, kwa maana benchi likivunjika na mgeni akaumia, lawama itakuwa ya nyumba nzima. Marehemu aliomba nafasi ya kusema, akasema kwamba kanisa, msikiti au sinagogi bila mtu aliyekaa ndani yake ni stoo, na kwamba yeye anaweza kuyaimarisha mabenchi yale yakakaliwa tena bila msumari mpya kuonekana, na mkurugenzi, baada ya kufikiri kwa wiki nzima, akakubali kwa sharti kwamba yapimwe kabla Agosti haijaisha, yakishinda kamba isiwekwe, yakishindwa iwekwe na mjadala uishe. Hivyo ndivyo marehemu alivyojifunga, na kuanzia siku hiyo hakuwa na neno lingine mezani kwake ila kamba.

Wakati huohuo, tarehe 9 Aprili 2024, madaktari walimwambia kwamba ana saratani ya damu. Alianza matibabu mwezi huo, na Mama Prudensia, ambaye ni muuguzi na anajua maana ya majibu kama yale, alimwomba aache kazi apumzike, naye akamjibu mbele yetu sote, "Mama Pelagia, nikipumzika sasa nitapumzika na kamba ile rohoni," na Mama hakumwomba tena, alichofanya ni kumfungia uji kwenye chupa kila asubuhi na kumpigia simu saa nne kuuliza kama ameunywa.

Mzee Sheldon alikuwa akija karakana kila Jumanne, wazee wawili hawa wakazoeana, mmoja akisema Kiingereza cha Texas na mwingine cha Rombo, na kupitia kwake marehemu alilijua kila benchi na familia yake, wapi alikaa muuza viatu, wapi mwalimu wa watoto, wapi kina mama waliopika pamoja kila sikukuu na kugombana pamoja kila baada ya sikukuu. Siku moja marehemu alipoanza kupiga msasa mkono wa benchi la tatu, uliokuwa umelika na kung'aa, Mzee Sheldon aliudaka mkono wake akasema, "Hapana, hapo baba yangu aliweka kiwiko akasinzia kila Sabato kwa miaka arobaini, usinisafishie usingizi wa baba yangu," na marehemu akaweka msasa chini akasema kwamba hata angekuwa na msasa wa malaika asingepagusa. Siku nyingine alimwonyesha picha ya wanaume watano wamesimama wima, akamweleza kwamba hao ndio waliokuwa wakiwaosha na kuwazika maiti wa jumuiya yao bila kulipwa, na marehemu akanipigia simu akiwa na furaha kama aliyepata ndugu aliyepotea, akasema, "Isack, hawa watu walikuwa na chama cha kuzikana!"

Mwezi Julai alitengeneza mabenchi mawili mapya badala ya yale yaliyooza, ya mwaloni, akayapaka rangi ya mti yakafanana na ya zamani, na kila mtu aliyepita aliyasifu, hadi Jumanne Mzee Sheldon alipokuja, akazunguka mara moja, akasimama, akashusha kwa ncha ya fimbo yake ubao mzuri uliofungwa kwa bawaba chini ya benchi, akauliza hiki ni nini. Marehemu akamjibu ni cha magoti, Mzee. Akauliza ni cha magoti ya nani. Hapo ndipo marehemu alipotambua kwamba mikono yake, iliyotengeneza mabenchi ya Kikatoliki miaka ishirini na miwili, ilikuwa imefanya kazi bila kumwuliza, na vijana wa karakana walikuwa wameuona ubao ule wakadhani ni wa kupumzishia miguu. Mzee Sheldon alicheka mpaka akalazimika kukaa, akasema, "Ndugu yangu, watu wangu wamesimama mbele za Mungu miaka elfu tatu wakibishana naye, wewe unataka kuwapigisha magoti kwa wiki moja?"

Marehemu alicheka naye, lakini alipoingia garini kwangu jioni ile alisema neno moja la Kirombo ambalo sitalisoma mbele ya Padre, kwa sababu aliona kilichokuwa nyuma ya kicheko, kwamba bawaba zile zilikuwa zimetobolewa katika miguu ya mabenchi, na mguu uliotobolewa hivyo hauwezi kuaminiwa katika kipimo, kwa hiyo ilibidi miguu yote ya mabenchi yale mawili ichongwe upya, na Agosti ilikuwa imeshaingia, na dawa zilikuwa zimemwondolea nguvu ya kushika randa. Humphrey alichukua likizo, Didace akawa anatoka zamu yake kiwandani na kwenda moja kwa moja karakana, marehemu akakaa kwenye kiti akiwaelekeza, na Humphrey, ambaye alikataa useremala akiwa mtoto akachagua kompyuta, alifukuzwa kazi na baba yake mara tatu katika wiki mbili na kurudishwa mara tatu, na miguu ikakamilika.

Kipimo kilifanyika Jumapili tarehe 18 Agosti 2024. Mtaalamu wa usalama alianza kwa kupanga mifuko ya mchanga juu ya mabenchi, nayo yakaibeba, lakini akasema mchanga hautikisiki, haugeuki kumsalimu jirani, wala hausimami wote kwa pamoja, hivyo hawezi kutia sahihi mpaka aone watu, na marehemu, ambaye alilijua hilo tangu mwanzo na alikuwa akilisubiri, akasema, "Watu ninao, wako kwenye maegesho." Nasi tulikuwa kwenye maegesho kweli, kwaya nzima, tumetoka misa ya Kiswahili na vitenge vyetu, Warundi, Wakongo na Watanzania, tukaingia kwa mstari.

Mama Bibiche wa Kongo, ambaye wote mnamjua sauti yake na umbo lake, alisimama mlangoni akauliza, "Papa Melkiori, miye nakaa fasi gani?" na Didace akamwambia, "Kaa katikati, Mama, ukikaa pembeni sisi wengine tutapanda hewani." Mama Bibiche akamjibu, "Didace, funga kinywa, leo miye njo kipimo," akaenda moja kwa moja kwenye mojawapo ya mabenchi mapya, yale ya miguu mipya, akaketi kwa nguvu zake zote, bila kujipunguza hata kidogo, na marehemu, aliyekuwa amefumba macho, akayafumbua aliposikia kwamba hakuna alichosikia.

Mtaalamu akatuamuru tusimame na kukaa kwa pamoja, tena na tena, na kama kuna kazi duniani ambayo Wakatoliki hawahitaji kufundishwa ni hiyo, tukasimama, tukakaa, wawili watatu wakaanza kupiga magoti kwa mazoea wakajizuia, na Mzee Sheldon akamwambia mkurugenzi kwa sauti ya kusikika, "Unaona kwa nini nimeutoa ule ubao?" Kisha tukaambiwa tuyumbe, Didace akaanzisha wimbo wa matoleo, tukayumba kulia na kushoto mpaka taa ya juu ya kabati la Torati ikawa kama inatufuata, na mabenchi yote kumi, manane ya wale waliotutangulia kuja nchi hii na mawili ya kaka yangu, yalikaa kimya. Mtaalamu akatia sahihi. Mkurugenzi akavua viatu vyake vya visigino virefu, akaja akakaa kando ya Mama Bibiche, na kamba iliyokuwa imeshanunuliwa ikarudishwa dukani. Marehemu alimwomba Mama Prudensia chupa ya uji akanywa yote, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika wiki nyingi.

Maonyesho yalifunguliwa Alhamisi tarehe 12 Septemba 2024. Watu waliingia chumba kile wakatafuta kamba, wasipoiona wakaangaliana, kisha mmoja akakaa, na wengine wakakaa. Mzee Sheldon alikaa benchi la tatu, mwisho, akaweka kiwiko pale panapong'aa.

Tarehe 6 Aprili 2025 maonyesho yalihamia Houston, na marehemu, ingawa alikuwa akitembelea fimbo, alikwenda wiki mbili kabla kusimamia mabenchi yanavyofungwa tena, akalala kwa Pelagia kule Sharpstown, na siku ya ufunguzi mjukuu wake Inès, ambaye husemeshwa Kiswahili akajibu Kiingereza, alijiweka mlangoni bila kutumwa na mtu, akimwambia kila mgeni aingie akae, babu yake ameruhusu. Pelagia alipomwita aache kusumbua watu, marehemu alimzuia, akasema huyo ndiye mfanyakazi pekee aliyeielewa kazi.

Kuanzia Agosti mwaka huu ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na tarehe 2 Oktoba alilazwa hospitali hapa Dallas. Tarehe 21 Oktoba Mzee Sheldon alikuja kumwona, akakaa kando ya kitanda, akamwambia kwamba tangu mwanzo alikuwa amepanga maonyesho yakiisha ayatoe mabenchi kwa makumbusho yahifadhiwe ghalani, kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kuyakalia, lakini tangu siku ile ya kwaya wazo hilo lilimwondoka, akatafuta, na amepata jumuiya changa ya Kiyahudi kaskazini mwa Dallas, familia za vijana wanaosali katika ukumbi wa kupanga kwenye viti vya plastiki, na ameshawakubalia, hivyo mwezi Januari lori litakapotoka Houston halitakwenda ghalani, litakwenda kwao.

Marehemu akauliza, "Wana watoto?"

Mzee Sheldon akasema, "Wengi, na hawatulii hata dakika moja, watayaruka, watayachora, watamwaga maji ya zabibu."

Marehemu akasema, "Vizuri sana. Benchi linauawa na ukimya," akamgeukia Humphrey akamwagiza kwamba siku ya kuyafunga upya huko awepo yeye mwenyewe, asimwachie mtu, na Humphrey akaahidi, na hakufukuzwa kazi mara ya nne.

Alipata mpako wa wagonjwa tarehe 8 Novemba, na Jumatatu tarehe 10 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, mkewe na watoto wakiwa naye, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Ibada hii ingekuwa kesho Jumamosi, lakini familia imeiweka leo Ijumaa asubuhi ili Mzee Sheldon, ambaye huiheshimu Sabato yake, asikose. Mwili utasafirishwa kwenda Kilimanjaro, na mazishi yatafanyika Mashati Jumatano tarehe 19 Novemba, katika kihamba cha baba yetu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu kwa mwaka mmoja na nusu na waliomruhusu kwenda Houston ingawa hawakupenda, inawashukuru majirani wa Carrollton walioegesha magari yao mbali wiki hii ili waombolezaji wapate nafasi, inamshukuru mkurugenzi wa makumbusho na wafanyakazi wote wa karakana, kwaya yetu na Mama Bibiche, chama cha kuzikana, ndugu wa Sharpstown, na Mzee Sheldon, ambaye tangu Jumatatu amekuja nyumbani kila siku, akaketi nasi sebuleni kwa muda mrefu bila kusema neno, akatueleza mara moja tu kwamba kwao kumfariji mfiwa ni kwenda kukaa naye, nasi tukamwambia kwamba hata kwetu ni hivyo.

Kaka Melkiori, ifikapo Februari watakaa juu ya kazi yako watu ambao hawakukujua, watasimama na kukaa, watasali kwa lugha usiyoijua kwa Mungu unayemjua, na watoto wao watakimbia juu ya miguu ile uliyoichonga mara mbili, nayo haitatikisika. Umewasimamia wengi mpaka wakapata pa kukaa. Sasa keti wewe, upumzike, na amani ya Bwana ikae nawe.